Thelathini kwa Mbili

Nimefika kabla yao kuwasha joto la ukumbi wa zimamoto,
nimemlaza mdoli chali kwenye zulia la bluu.
Hana miguu. Hana jina.
Marlys wa posta humwita Binamu,
na kila Jumanne humfuta mdomo kwa spiriti
kama anayemwandaa mtoto kwa picha ya shule.

Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Magari yamechomekwa kwenye umeme injini zisigande,
nyaya zimeyatoka puani
kama wagonjwa wangu.

Bango ukutani: Kinga ni bora kuliko tiba.
Nililibandika mwenyewe.
Lakini kutoka hapa Dunmere, Saskatchewan, hadi tiba yenyewe
ni kilomita tisini na nne,
na theluji ikifunga barabara
ambulensi husimama njia panda, taa zikizunguka,
kama mgeni aliyesahau mlango.

Basi nafundisha ninachoweza.
Mdomo ukipinda, mkono ukilegea,
maneno yakitoka kama yamelowa,
usimpe chai, usimwambie alale kidogo.
Tazama saa. Piga simu.
Tyrell, wa kidato cha mwisho, anaandika "usimpe chai"
na kupigia mstari mara mbili.
Bibi yake alipewa chai.

Orest Danyliuk hukaa nyuma, karibu na helmeti, koti hajavua.
Wiki ya sita hii. Huja na biskuti za dukani,
huziweka mezani, huketi. Hagusi kitu.
Najua, kila mtu anajua:
Septemba, kanola bado shambani, Halyna chini jikoni,
dakika hamsini na mbili.
Alimshika mkono muda wote.
Hakuna aliyekuwa amemwambia
kwamba pa kushika si mkononi.

Leo nimeuliza nani aanze.
Kimya, kisha kiti kikalia sakafuni.
Akavua koti. Akapiga goti moja,
la pili likagoma, likakubali.
"Hapa?"
Hapo. Katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja.
Usiogope mbavu. Mbavu huunga.

Akaanza polepole mno, kama anayekanda unga.
Haraka zaidi, nikasema, nifuate mimi.
Mapigo niliyajua kabla ya uuguzi,
kwa baba, mwalimu wa Korogwe,
aliyepima mizani kwa kucha mezani, nane kwa nane,
na ubeti wangu ukipungua mzani mmoja
alisema: huu umekufa, ufufue.

Nikahesabu kimoyomoyo kwa kucha ya baba.
Marlys kwa Kiingereza, kwa sauti ya kanisani.
Orest kwa Kiukraina cha mamaye,
ambacho hata wanawe hawajawahi kumsikia akikisema.
Thelathini. Pumzi mbili.
Kifua cha plastiki kikapanda, kikashuka,
taa ya kijani ikawaka begani mwa Binamu.

Vizuri, nikasema, inatosha.
Hakuacha.
Thelathini nyingine. Na nyingine.
Jasho likamdondoka kwenye zulia
na nilipotaka kumgusa bega
Tyrell alikuwa ameshapiga magoti kando yake.
"Zamu yangu. Ulisema kila dakika mbili."
Kweli, nilisema.

Kisha Marlys. Kisha yule mke wa mchungaji
ambaye huja kwa ajili ya joto tu.
Kisha mimi. Kisha Orest tena.
Hakuna aliyeuliza tunafanya nini.
Saa ya ukutani ina kelele, sikuwahi kujua.
Mara moja Orest alisema "Halyu," si kwetu,
akapoteza hesabu, akaanza upya kwa moja.

Katika dakika ya hamsini na mbili
Tyrell akainua macho kutoka kwenye saa yake:
"Ambulensi imefika."

Tukabaki tumekaa sakafuni, mikono ikitetemeka.
Marlys akamfuta Binamu mdomo.
Orest akawa anatafuta koti
lililokuwa mbele yake.